Kipima Gesi Kisichoitikia Hodi

Kama kuna kiungo cha mwili kilichowahi kuheshimiwa kazini kupita mwenye nacho, basi ni pua ya mzee mmoja msafisha matangi. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limekwisha kusahaulika. Mkuu wa kiwanda alimwita Pua, mlinzi wa getini alimwita Pua, na mkewe, akishapandwa na hasira, alimwita Pua vilevile.

Gengi lake lilisafisha matangi ya maji machafu ya kiwanda, matangi marefu yaliyochimbiwa chini, yenye mfuniko wa chuma juu na ngazi ndani. Masalia yakioza humo hutoa gesi. Mtu akishuka penye gesi huweza kuanguka kabla hajapata nafasi ya kumwita mama yake, na cheche moja tu yatosha kulirusha tangi na waliomo. Kwa hiyo kabla ya kazi mzee alilala kifudifudi kwenye mdomo wa tangi, akafumba macho, akanusa. Akisema, "Twendeni," gengi lilishuka. Akisema, "Bado," hata mkuu wa kiwanda angekuja na tarumbeta, hakuna aliyegusa ngazi.

Wengine walisikia uvundo tu. Yeye alidai kuna uvundo wa kukera na uvundo wa kuua, na kwamba anayeshindwa kuvitofautisha akauze maandazi. Miaka ilipita na hakuna kijana wake aliyeumia, naye akasifiwa mpaka basi. Mnajua mgema akisifiwa hufanya nini na tembo lake.

Siku hizi, hata hivyo, mzee alikuwa na malalamiko mengi. Alilalamika kwamba sabuni za siku hizi hazina harufu, watengenezaji wamekuwa wezi. Majani ya chai yalikuwa ya kuchakachua. Manukato aliyomnunulia mkewe alitaka kuyarudisha dukani kwa madai kwamba ameuziwa maji. Juzi tu mkewe alitoka uani akakuta moshi umejaa jikoni na mumewe ameketi mlango wa pili akisoma gazeti.

"Mboga imekuwa makaa, nawe umekaa hapo hapo! Hukusikia harufu?"

"Nilidhani unaikausha," alijibu Pua bila kuinua macho.

Mkewe alichukua sufuria akaenda kuisugua.

Sasa, mzee huyu alikuwa na mpwa, mtoto wa dada yake marehemu, aliyemlea tangu angali akitambaa. Utotoni walimbandika jina la Bi Kwanini, kwa sababu hakuna jambo alilolipokea hivi hivi. Kwa nini mvua inanuka kabla haijafika? Kwa nini moshi unapanda? Siku moja, akiwa bado na mapengo ya meno, alimuuliza mjomba wake swali lililomchekesha mpaka akakohoa: "Mjomba, na pua yako ikishikwa na mafua, nani atawaambia?"

Mzee alisahau swali. Mtoto hakusahau. Alisoma, akasoma tena, akafungua karakana ya chumba kimoja yenye meza ndefu iliyojaa waya, koili na vikopo vya skrubu, akawa fundi wa vipima gesi. Kipima gesi ni kifaa cha kushikwa mkononi, kinachoionja hewa na kupiga kelele kikiona hatari.

Alipomaliza kile alichokiita chake mwenyewe, alikileta nyumbani akakifungua mezani. Akamwonyesha mjomba wake shanga mbili ndogo, ndogo kama mbegu za mchicha, kila moja imezungushiwa waya mwembamba usiozidi unywele.

"Hii imepakwa dawa," alisema. "Gesi ikiigusa, inaungua pale pale juu yake, kidogo kidogo, na shanga inapata joto. Hii nyingine haikupakwa, kwa hiyo haibadiliki. Umeme unazilinganisha. Joto likipishana, tunajua kuna gesi, na tunajua ni kiasi gani."

Pua alivaa miwani yake akazitazama zile shanga. Alikuwa ametumia maisha yake akilaza kifua kwenye saruji yenye utelezi, na hapa palikuwa na mbegu mbili za mchicha zinazofanya kazi ileile bila kuchafua shati. Na aliyeziunda ni mtoto aliyemfundisha yeye mwenyewe kufunga kamba za viatu!

"Usione vyaelea," alisema.

"Vimeundwa, mjomba," alicheka Bi Kwanini. "Lakini shanga si yangu, ilivumbuliwa na wengine kabla sijazaliwa. Yangu ni hii." Akatoa kisanduku chenye mtungi mdogo wa gesi ubavuni. Akakilaza kipima gesi ndani yake kwa unyenyekevu wa mtu anayelaza mtoto, akabonyeza kitufe. Pumzi fupi ya gesi ikatoka, pssst, na kifaa kikapiga ukelele wa kumwamsha jirani, kikawaka taa nyekundu, kisha kikatulia na kuwasha kijani.

"Hiyo ni hodi," alisema. "Kila asubuhi kinabishiwa hodi. Kikiitikia, kinafanya kazi siku hiyo. Kisipoitikia, kioo chake kinabaki kitupu, na hata ukikibembeleza hakikupi jibu."

Hapo mzee alikunja uso. "Kila asubuhi? Huo ni utovu wa adabu. Mtu mzima unamuuliza kila kukicha kama bado anajua kazi yake?"

"Mjomba, kifaa kilichokufa husema sifuri. Kifaa kizima kilicho kwenye hewa safi nacho husema sifuri. Utavitofautishaje?"

Pua aliomba aongezewe chai. Bi Kwanini alianza kumweleza mambo yanayoweza kuiua dawa ya shanga, lakini wakati huo jirani alikuwa amechungulia mlangoni kuuliza ni ukelele gani ule, na mzee alishainuka kwenda kumsimulia kwamba mpwa wake ameunda pua.

Kiwandani, mkuu wa usalama alikuwa mama mmoja mkavu, asiyecheka hovyo wala kuahidi hovyo. Alikubali majaribio. Kama kifaa cha Bi Kwanini kingefanya vizuri, matangi yote yangeingiwa kwa hodi na kipima hicho. Kikishindwa, basi, mazungumzo yamekwisha: gengi litaendelea na kipima cha zamani, ambacho kiwanda kilikiagiza kutoka mbali na kukiweka kabatini kama mgeni wa heshima, pamoja na pua ya Pua.

Mzee alitaka mpwa wake ashinde. Hakujali kwamba ushindi huo ungemweka yeye kando. Alikwishajiona ameketi kivulini akiwaambia vijana, "Hicho kimetoka nyumbani kwangu."

Asubuhi ya majaribio aliwahi kuliko wote. Kwenye stoo alivikuta vipima vimeachwa mezani tangu jana yake, vilipojaribiwa pamoja na vyote kuitikia hodi vizuri. Kifaa cha mpwa wake kilikuwa na alama za vidole kila mahali. Kikamtia huruma. Utampelekaje mtoto harusini na uso wa vumbi? Akakumbuka kwamba dereva wa lori la gengi ana dawa ya kupulizia dashibodi, ile inayofanya plastiki kuukuu ing'ae kama mpya. Akaenda akaichukua kwenye lori.

Si kwamba alikuwa mzembe. Mtu wa matangi haanzi kutumia kitu asichokijua. Alijipulizia kwanza kidoleni, akakisogeza puani, akavuta pumzi yake ile ndefu iliyokuwa maarufu. Hakusikia kitu. Kisicho na harufu hakina madhara, ndivyo alivyoamini maisha yake yote. Akapuliza, akasugua kwa kitambaa, akapuliza tena, hasa pale kichwani penye wavu wa chuma, maana ndipo palipofifia zaidi. Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu wa upendeleo, akakipaka na kile kipima cha zamani na kukirudisha kwenye boksi lake, asije mtu akasema ndugu amebebwa.

Kwenye mfuko wa Bi Kwanini, ulioachwa hapo mezani, kulikuwa na cha tatu, kile cha kwanza kabisa alichojifunzia, kimefungwa ndani ya kopo la plastiki la kubebea chakula na kuzungushiwa utepe mweusi. Kilikuwa kibaya cha kutisha. Pua alikifunika kwa kitambaa kingine, kisafi, wageni wasikione.

Halafu akaenda kwenye tangi la siku hiyo, ambalo lilikuwa limenyonywa maji na kuachwa wazi. Akalala kifudifudi. Akafumba macho.

"Safi," alisema. "Tunangojea hodi ya mpwa wangu tu, kisha twendeni."

Vijana wakaanza kuvaa mabuti.

Ofisini kwa mkuu wa usalama walikusanyika wakuu, dereva wa lori, na vijana wawili wa gengi waliokuja kuwakilisha wenzao. Bi Kwanini aliingia na mfuko wake, akasita kidogo mlangoni, akatazama huku na huku kama mtu anayejaribu kukumbuka kitu, kisha akaendelea. Akakitoa kipima chake kinachometameta. Mzee, aliyesimama ukutani, akatabasamu.

Kifaa kikawekwa kisandukuni. Kitufe kikabonyezwa. Pssst.

Kimya.

Akabonyeza tena. Kioo kikabaki kitupu kama sahani iliyooshwa.

"Kimekufa?" aliuliza mkuu wa usalama.

"Kimekufa," alijibu Bi Kwanini.

Minong'ono ikapita chumbani. Mkuu wa usalama hakumcheka, na pengine ingekuwa nafuu kama angecheka. Alifungua boksi la kipima cha zamani, akakiwasha. Kikaonyesha sifuri na taa ya kijani, kikapendeza. "Basi hiki hapa kinafanya kazi," alisema. "Na Pua ameshanusa. Waambieni vijana washuke, tusipoteze siku."

Mzee alitamani sakafu ipasuke immeze. Akashindwa hata kumtazama mpwa wake.

"Samahani, mama," alisema Bi Kwanini. "Naomba na hicho nikibishie hodi."

"Hicho hakina haja ya hodi."

"Ndiyo maana naomba."

Mama mkavu akampa. Kikalazwa kisandukuni. Pssst. Sifuri, taa ya kijani. Bi Kwanini akabonyeza kitufe na kukishikilia, gesi ikatoka mfululizo juu ya kichwa cha kifaa, gesi ambayo ingetosha kukifanya kilie kama king'ora cha zimamoto. Sifuri. Taa ya kijani.

"Hiki nacho kimekufa," alisema. "Tofauti ni kwamba changu kimekataa kufanya kazi. Hiki kingeshuka na vijana tangini kikiwaambia mambo ni shwari."

Mkuu wa usalama aliketi. Akakitazama kifaa chake cha heshima kama anayemwona mtu aliyemwamini miaka yote akitoka dirishani na saa ya ukutani. "Kimekuwa hivi tangu lini?" aliuliza polepole.

"Jana viliitikia vyote viwili. Kuna kitu kimevipata usiku au alfajiri." Bi Kwanini akakiinua kipima chake, akakisogeza puani. "Nilikisikia tangu naingia. Vinanukia limau."

"Hiyo ni dawa yangu ya dashibodi!" dereva aliruka. "Nami nilikuwa najiuliza limau linatoka wapi humu ndani. Inaumiza kichwa, mimi nikiipuliza lazima nifungue madirisha."

"Ni mimi niliyevipaka," alisema Pua. Hakuwahi kumficha mtu kosa lake na hakuwa na nia ya kuanza leo. "Nilitaka vipendeze. Lakini haiwezi kuwa dawa ile, mpwa wangu. Niliinusa kwanza. Haina harufu yoyote."

Dereva akacheka, akidhani mzee anatania. Alipoona hakuna anayemfuata akanyamaza. Mmoja wa vijana wa gengi alikuwa bado ameziba pua yake kwa mkono kwa sababu ya lile limau, akaushusha taratibu.

Bi Kwanini alimtazama mjomba wake. Akaziona sabuni zilizoibiwa harufu. Akayaona majani ya chai ya kuchakachua, na manukato ya mke wa mjomba, na ile mboga aliyosimuliwa juzi huku wote wakicheka. Akachukua kitambaa kilichotumika kusugulia, ambacho mzee alikuwa nacho bado mfukoni kikining'inia, kimelowa dawa. Akakisogeza usoni pa mzee.

"Mjomba," alisema kwa upole, "hodi."

Pua alivuta pumzi. Akavuta nyingine, ndefu zaidi, na macho yake yakafumba yenyewe kwa mazoea. Alitafuta limau. Alilitafuta kama mtu anayepapasa gizani kwenye chumba anachokijua, akijua meza iko hapa na kiti kiko pale, na mkono unapita hewani tu. Wenzake wote ndani ya chumba walikuwa wanakunja nyuso kwa ukali wa harufu ile. Yeye hakusikia chochote.

Alifumbua macho.

"Hakuna mtu," alisema.

Kisha hofu ikampata, hofu ambayo hakuwahi kuijua katika tangi lolote. Aligeuka kwa wale vijana wawili. "Wakimbilieni wenzenu. Asiguse mtu ngazi. Niliwaambia ni safi. Sijui kama ni safi. Nasema sijui!"

Walikimbia. Bi Kwanini akaingiza mkono kwenye mfuko wake, akafunua kitambaa, akatoa lile kopo la chakula lenye utepe mweusi. Mjomba wake alikuwa ameliona baya mno kulipaka chochote, na ubaya wake ndio uliolinusuru. Akalibana kwenye kisanduku. Pssst. Kopo likapiga ukelele hata mkuu wa usalama akainuka kitini, mkono kifuani.

Walilishusha tangini kwa kamba, wote wamesimama kando. Lilipita ngazi za juu kimya, yakawa matumaini. Lilipofika usawa ambao kifua cha kijana kingekuwa, likaanza kulia. Likalia, na kila kamba iliposhuka likazidisha, na sauti ikapanda kutoka gizani ikajaa uwanja mzima. Kijana mmoja, ambaye buti lake moja lilikuwa mguuni na jingine mkononi, alikaa chini palepale alipokuwa.

Pua alilia. Hakugeuza uso, hakujifanya ana vumbi jichoni. Alilia mbele ya vijana waliomfuata miaka yote kwa neno moja, na baadaye alisema hakuwa akililia pua. Alikuwa akiwahesabu mmoja mmoja, akiwakuta wote wapo.

Mkuu wa usalama alisubiri mpaka kopo lilipopandishwa na kunyamaza. "Kifaa chako kilishindwa mbele ya macho yangu," alimwambia Bi Kwanini, "na ndicho ninachokitaka. Utatuundia vya matangi yote. Na hilo kopo usilitupe." Kwa mama yule, hiyo ilikuwa hotuba.

Wakirudi stoo, mpwa alimweleza mjomba wake kile alichotaka kumweleza siku ile ya jirani: kwamba mng'aro wa dashibodi unatokana na silikoni, aina ya mafuta yaliyomo humo, na silikoni ikiifikia shanga yenye joto huganda juu ya dawa yake, gesi isipate pa kuungulia. Shanga haiumii wala hailalamiki, ila haionji tena.

"Kwa hiyo nilikiua kwa mapenzi," alisema mzee.

"Kichwa chake kinabadilishwa, mjomba. Kesho kitakuwa kizima."

"Na changu?"

Bi Kwanini alimshika mkono. "Chako tutakipeleka kwa daktari."

Daktari alimulika, akauliza maswali, akasema gesi za matangini hunyang'anya kunusa polepole, na kwamba asitegemee sana kurudi kwake. Aliongeza kwamba ziko gesi ambazo hata pua nzima haizisikii. Nyumbani mkewe alimkaribisha na methali, mficha maradhi kifo humuumbua, halafu akaona haya, akamtengea chakula kizuri na kumwambia kina harufu gani, kila sahani, moja baada ya nyingine.

Sasa nendeni kwenye kiwanda kile asubuhi, gengi linapojipanga. Mtamkuta mzee ameketi mbele ya kisanduku na vipima gesi vya mpwa wake vimepangwa mbele yake, hakuna hata kimoja kinachong'aa. Huviweka kimoja kimoja, hubonyeza, husema "Hodi" kwa sauti ya mgeni mwenye adabu, na kila kimoja hupiga ukelele wake. "Ahsante, karibu kazini," huvijibu. Siku moja kimojawapo kilinyamaza. Alikitoa nje ya safu kwa mikono miwili, akakisifu mbele ya vijana kwa kusema kweli, akamtuma dereva akipeleke karakana.

Na vipima vikishamaliza, yeye hutoa mfukoni ganda la limau. Ni yeye mwenyewe aliyeomba iwe hivyo. Mpwa wake alikataa mwanzoni, akaona ni kujiadhibu, naye mzee akamwambia kama hodi ni adabu kwa kifaa basi ni adabu na kwa mtu mzima. Hulivunja ganda, hulisogeza puani mbele ya gengi zima, hufumba macho na kuvuta pumzi yake ndefu. Hakuna anayecheka. Vijana wote humngojea, kofia mkononi.

"Hakuna mtu," husema Pua, nao huchukua vipima vilivyoitikia, hushika ngazi wakashuka.